Nani Atatafiti Akili za Watu wa Ras Mkumbi?

Kisiwa cha Mafia kinajulikana vyema katika sayansi ya dunia, lakini sifa hiyo haitokani na watu wake. Kila mwaka, kuanzia mwezi Oktoba, papa potwe husogea karibu na Kilindoni na watafiti huwafuata kwa kamera. Madoa ya ubavuni mwa samaki huyo hayafanani na ya mwenzake, kwa hiyo kila mmoja hupigwa picha, hupewa namba na kufunguliwa jalada. Akirudi msimu wa pili anatambuliwa. Asiporudi, yupo mtu mahali fulani ambaye ajira yake ni kujiuliza amepatwa na nini. Upande wa kusini, tangu mwaka 1995, ipo Hifadhi ya Bahari, na matumbawe yake yamewapatia watu shahada.

Sina ugomvi na papa potwe, na ninawaheshimu wenzangu wanaomtafiti. Swali langu linahusu upande wa pili wa kisiwa. Kijana wa Bweni au wa Kanga, kule kaskazini karibu na Ras Mkumbi, akianza kuzungumza peke yake na kutoka usiku kwenda ufukweni, jalada lake liko wapi? Mtoto aliyepona malaria kali lakini hawezi tena kukumbuka alichofundishwa jana, nani ana ajira ya kujiuliza amepatwa na nini?

Nimelitumia neno ajira kwa makusudi. Huruma haijatupungukia. Majirani wanahurumia, masheikhe wanasoma dua, waganga wanapunga. Kilichopungua ni watu wanaolipwa na jamii yao kuichunguza akili ya binadamu kwa utaratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi wajue jambo ambalo jana halikujulikana. Kwa lugha nyepesi, tumekosa watafiti wa saikolojia, wa sayansi ya ubongo na wa afya ya akili. Na tumewakosa kwa sababu kazi hiyo hatujaifanya kuwa njia ambayo kijana mwenye akili timamu anaweza kuifuata bila kufa njaa.

Rasi na umbali wake

Ras Mkumbi ni ncha ya kaskazini ya kisiwa. Mnara wake wa taa ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, ili meli zao zisipotee njia. Kutoka Kilindoni, iliko hospitali ya wilaya, ni safari ya zaidi ya kilomita 40. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa wa magonjwa ya akili huvushwa bahari hadi Nyamisati, kisha hupelekwa Dar es Salaam, na wengine huishia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920. Ndugu zake huuza minazi au mbuzi wapate nauli. Nchi nzima, madaktari bingwa hao hawafiki hata mmoja kwa kila watu laki tano, na walio wengi wako mijini.

Najua jibu litakalotolewa: Mafia ni mbali, na kisiwa chenye wakazi wachache hakiwezi kuwa kitovu cha utafiti. Jibu hilo lina historia inayolikanusha. Mwaka 2000, serikali ilipoanza mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha, ilianzia Mafia. Dawa zikagawiwa kijiji kwa kijiji, watu wakapimwa, na yaliyopatikana yakaelekeza wilaya nyingine za nchi. Udogo wa kisiwa, uliokuwa udhaifu katika mambo mengine, ukawa faida, kwa kuwa watu wanahesabika na anayehama anajulikana. Kwa hiyo Mafia haiko mbali na sayansi. Iko mbali na ile sayansi ambayo hatujaamua kuigharimia.

Walioandika juu ya akili zetu

Tusidhani kwamba akili za watu wa pande hizi hazikuwahi kuandikwa. Ziliandikwa sana, na waliopata ajira kwa kuziandika walikuwa wengine.

Mwaka 1934 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni jijini Nairobi, F. W. Vint, alichapisha katika jarida la anatomia vipimo vya ubongo wa maiti za Waafrika, akidai kuwa gamba lake ni jembamba kuliko la Wazungu. J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Hospitali ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa mbobezi wa tiba ya akili, akaendelea kutoka hapo. Mwaka 1951 aliandika kuwa Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikatoa ripoti yake iliyoieleza Mau Mau kana kwamba kudai ardhi na uhuru ni dalili ya ugonjwa. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu mwaka 1961. Ndivyo sayansi ya ubongo ilivyoingia Afrika Mashariki, ikiwa na mizani mkononi na hukumu mfukoni.

Kaskazini ya Mafia ilipata bahati ya kuandikwa na mtu wa aina nyingine. Pat Caplan, mwanaanthropolojia kutoka London, alifika huko mwaka 1965, akajifunza Kiswahili, akaishi na watu na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka arobaini. Kitabu chake cha mwaka 1997 kimejengwa juu ya maisha ya mkulima mmoja, mkewe na binti yao, na sehemu kubwa yake inatokana na shajara ambayo mkulima huyo aliiandika kwa Kiswahili. Humo yamo mashetani na majini, ndoa na talaka, maradhi na hofu ya kurogwa. Ukikisoma kwa jicho la mwanasaikolojia utakuta mambo ambayo dodoso la maswali ishirini haliwezi kuyafikia.

Namheshimu mwandishi huyo. Lakini hebu tulitazame jambo hili kama suala la kazi. Katika ushirikiano ule, profesa alikuwa mmoja. Aliyekuwa na uwezo wa kutazama, kukumbuka na kuandika yaliyompata yeye na jirani zake alibaki kuwa mkulima, maana Tanzania haikuwa na cheo cha kumpa mtu mwenye kipaji kile. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo, nasi tunajisifu kwa vyuo vikuu. Je, mjukuu wa mtu yule, akiwa na kipaji kilekile, leo ana mlango gani?

Kwa nini lazima atoke hapa

Wapo watakaosema: ubongo ni ubongo, atafiti yeyote popote, nasi tutasoma matokeo. Hoja hii inapendeza hadi uijaribu kwa ugonjwa mmoja tu. Tuuchukue ugonjwa wa kifafa.

Mahenge, kusini mwa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaeleza pia watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa kwa namna ya kutikisika. Miongo mingi baadaye watafiti, wakiwamo Watanzania wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wameonyesha jinsi kifafa cha huko kinavyohusiana na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wa kwenye mito yenye maji ya kasi. Haydom, mkoani Manyara, uchunguzi umeonyesha mchango wa minyoo ya tegu itokanayo na nguruwe. Ni nchi moja na ugonjwa wenye jina moja, lakini visababishi ni viwili tofauti, na kinga ya pale si kinga ya hapa.

Sasa njoo Mafia. Mito yenye maporomoko hakuna. Walio wengi ni Waislamu, na nguruwe haliwi. Kifafa cha huko kinatokana na nini? Ni majeraha ya uzazi? Ni malaria ya utotoni? Ni kuanguka kutoka kwenye mnazi? Jibu la Mahenge haliwezi kusafirishwa kwa boti hadi Ras Mkumbi. Na swali hili si la anasa. Mvuvi mwenye kifafa akipatwa na kifafa ndani ya ngalawa, kinachomuua ni maji, na mwanamke akipatwa nacho jikoni, kinachomlemaza ni moto. Kuna familia zinazojua hivyo vizuri kuliko kitabu chochote.

Chukua pia degedege. Kila mama wa pwani analijua neno hilo, na wengi walikua wakiambiwa kuwa ni dege la usiku linalompitia mtoto. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa utambuzi miaka miwili baadaye. Fikiria maana yake kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtoto anayechapwa kwa uvivu huenda ni mtoto ambaye ubongo wake ulijeruhiwa. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa.

Miongoni mwa waliofanya utafiti ule alikuwamo Paul Bangirana, mwanasaikolojia wa Makerere. Kilifi, pwani ileile yetu ya Waswahili, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kilikuza kazi ya Amina Abubakar, mwanasaikolojia wa Kenya ambaye pamoja na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto kilichobeba jina la Kilifi, kikitumia vitu ambavyo mtoto wa huko anavifahamu. Leo ni profesa. Kilifi haikuwa na miujiza. Ilikuwa na kituo kilichodumu, mishahara iliyolipwa na swali lililofuatiliwa kwa miongo mitatu.

Ngazi isiyo na vidato

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa kaskazini ya Mafia, alihitimu shahada ya saikolojia kwa ufaulu mzuri. Alinijia ofisini akitaka ushauri. “Shikamoo Dokta,” alisema, “nataka kutafiti kina mama wanaojifungua kule kwetu halafu wakawa hawataki hata kumtazama mtoto. Nyumbani wanasema wamechezewa. Nianzie wapi?”

Nilimweleza njia ilivyo. Ili abaki chuoni kama mkufunzi msaidizi ahitaji wastani wa 3.8 na nafasi iliyotangazwa, na nafasi hutangazwa pale kibali cha ajira kinapotoka. Akikosa, hakuna cheo kingine serikalini kinachoitwa mtafiti wa saikolojia katika halmashauri. Atafute shahada ya uzamili kwa fedha zake. Akitaka kukusanya takwimu aombe kibali cha maadili, kisha kibali cha utafiti, kisha barua ya mkoa pale Kibaha, barua ya wilaya pale Kilindoni, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ngazi ina sababu yake, na mimi ni muumini wa kuwalinda wanaotafitiwa. Lakini hakuna hata ngazi moja inayomuuliza: kijana, utakula nini katika miezi hiyo?

Akapata kazi katika mradi mmoja uliofadhiliwa kutoka nje. Alipewa kishikwambi, dodoso lililotafsiriwa vibaya na posho ya siku. Alizunguka vijiji miezi kadhaa. Takwimu zilipaa kila jioni kwenda kwenye mashine za mbali, na makala ilipotoka jina lake lilikuwa katika mstari wa shukrani. Mkataba ukaisha. Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa na kibanda cha kutoa na kuweka fedha kwa simu. Ni kazi halali, na anaifanya vizuri. Lakini kina mama wale bado wanasemekana wamechezewa.

Si yeye peke yake. Mwaka 2025 Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, na Taasisi zake za Taifa za Afya zikabadili utaratibu wa kupeleka fedha kwa wabia wa nje, vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kwa wiki chache kwamba walichokiita taaluma kilikuwa mkataba wa muda. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Umoja wa Afrika uliafiki zamani kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Sisi bado tuko mbali na kiwango hicho, na katika kidogo kinachotengwa, akili hukaa nyuma ya mahindi, ng'ombe na mbu.

Lugha na siri

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mtafiti aliyelelewa katika lugha ya watu anaowatafiti. Nenda Bweni uulize nani ana sonona. Utatazamwa. Uliza nani “ana mawazo”, nani “moyo umemtoka”, nani “hajijui”, nao watakupeleka nyumba hadi nyumba. Ugonjwa upo, lakini tafsiri ya kamusi haujui njia ya kuufikia.

Hili si ndoto. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha kazi iliyopima kama orodha ya dalili iliyotengenezwa Marekani inafanya kazi kwa Kiswahili miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI jijini Dar es Salaam. Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dodoso lenye vipengele 19 lililojengwa kutokana na jinsi watu wa hapa wenyewe wanavyoeleza unyonge wa nafsi. Huo ndio mfano wa kufuata: kuanza na kauli ya mgonjwa, kisha kuipima kwa ukali uleule wa sayansi.

Nilipofika upande wa Ras Mkumbi mzee mmoja aliniuliza swali ambalo ningependa kila kamati ya maadili ilibandike ukutani: “Mwalimu, nyie mnaokuja kuuliza, majibu huwa mnayapeleka wapi?” Aliuliza kwa adabu, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua boti inaelekea wapi kabla ya kupanda.

Na yapo majibu ambayo watu hawatayatoa kamwe chini ya sheria tulizonazo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtafiti anayemuuliza mtu kama amewahi kujaribu anamwomba akiri kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Wanaharakati wa Tanzania wana kazi hapo, na ni kazi inayoweza kufanikiwa.

La kufanya

Sitaki kumaliza kwa kulalamika, kwa maana wasomaji wa ukurasa huu wana mamlaka zaidi kuliko wanavyodhani.

Kwa watumishi wa umma: tengenezeni cheo. Kila mkoa uwe angalau na nafasi moja ya mtafiti wa afya ya akili, yenye mshahara wa kudumu, itakayofanya kazi na hospitali ya mkoa na kupeleka matokeo halmashauri. Nafasi kama hizo hazifiki hata arobaini kwa nchi nzima. Hazitatikisa bajeti, lakini zitamwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba njia ipo. Anzeni Pwani, na mtu wa Pwani aweke kambi Mafia, kisiwa kilichokwisha kututangulia katika matende.

Kwa vyuo vikuu: msimpandishe cheo mtu kwa idadi ya makala pekee. Aliyerudi kijijini, akasoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya waliomjibu na kuacha nakala zahanati, amefanya kazi ya kitaaluma. Ihesabiwe. Na katika miradi ya ubia, aliyekusanya takwimu na kuelewa maana yake awe mwandishi, awe na haki ya kuzitumia kwa shahada yake.

Kwa wanafunzi: msiwadharau waganga wala msiwaabudu. Thomas Lambo, kule Aro nchini Nigeria tangu mwaka 1954, aliwaweka wagonjwa wa akili vijijini pamoja na jamaa zao, akashirikiana na waganga bila kuacha dawa za hospitali. Hakuona aibu kujifunza, wala hakuona aibu kupima. Mganga wa Kanga anajua nani anaumwa na tangu lini. Mtafiti mwenye busara ataanzia kwake, kisha ataendelea hadi pale ambapo mganga hawezi kufika.

Nitaambiwa kuwa nchi isiyo na dawa za kutosha za kifafa haina haki ya kuota ndoto za maabara. Dawa ziletwe, na ziletwe leo, hakuna anayepinga. Lakini dawa hupelekwa kwa idadi, na idadi hutoka kwa mtu aliyehesabu. Wilaya ambayo haijui ina wagonjwa wangapi wa kifafa itaagiza dawa kwa kukisia, na zitakwisha kabla ya robo mwaka kumalizika. Utafiti hauko foleni nyuma ya tiba. Ndio unaoiambia tiba iende wapi.

Vint na Carothers walikuwa na ajira, na walizitumia kutuambia sisi ni nani. Kosa lao hatuwezi kulisahihisha kwa hasira wala kwa kuwataja kila mwaka darasani. Linasahihishwa siku ambapo binti wa Bweni, mwenye shahada ya uzamivu, mshahara wa serikali na Kiswahili cha bibi yake, ataketi na mama aliyejifungua juzi na kumuuliza swali linaloeleweka, akijua kuwa mwezi ujao atarudi na jibu.